Wa Ndani na Wa Nje

Nianze kwa kusema kosa lilikuwa langu, nisije nikaisingizia mashine. Nimeisingizia mambo mengi tangu Desemba, na mengine ilistahili, lakini hili ni langu.

Mimi ni Tryphena, karani wa kiwanda cha mvinyo hapa Mraru, kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta. Tunanunua ndizi za Taveta na maembe ya milimani, tunachachusha, tunatia chupani. Bwana Morris, mwenye kiwanda, alianza na mitungi sita jikoni kwa mamake, mpaka mamake akamfukuza kwa sababu ya harufu. Siku hizi mahoteli ya mbugani yanatupigia simu yenyewe, na mwaka huo mnunuzi mmoja wa Nairobi, mama mwenye miwani na maneno machache, alisema yuko tayari kuchukua chupa elfu moja kila mwezi. Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, mtu akielekeza simu yake kwenye chupa aone mvinyo ulitoka tangi gani, lini, na nani aliifunga chupa hiyo. La pili, wafanyakazi wa kudumu wote wawe na barua za kazi, si maneno ya mdomoni.

Bwana Morris aliposikia hayo alinitazama mimi, kisha akaitazama kompyuta yangu. Nilimwelewa vizuri sana, na nikaudhika.

Kompyuta hiyo ilinunuliwa mwaka wa elfu mbili na nane, na hata siku hiyo haikuwa mpya. Ukiiwasha asubuhi unaweza kupika chai, ukainywa, ukaosha kikombe, ukarudi ukaikuta bado inajifikiria. Joto la Voi likizidi naifungua ubavu na kuipepea kwa feni ya mezani. Lakini ilikuwa na kila kitu chetu ndani yake, na mimi peke yangu nilijua pa kuigusa. Sitadanganya, nililipenda jambo hilo.

Faili yangu kuu ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza niliuita WA NDANI, nao ulikuwa wa matangi manane ya ndani ya banda, hata lililokwisha kutupwa. Ukurasa wa pili niliuita WA NJE. Hao walikuwa vibarua, wanaosubiri nje ya geti kila asubuhi kuona nani ataitwa. Sisi wa kudumu, watu wanne tu, barua zetu za zamani zilikuwa kwenye droo ya Bwana Morris pamoja na betri zilizokufa.

Sasa lazima nieleze habari ya majina, maana hapo ndipo penyewe. Zamani matangi yalikuwa na namba. Siku moja pampu inanguruma, Kimanzi, fundi wetu wa mvinyo, akapiga kelele kutoka upande wa pili wa banda, "Fungua la nne!" Mtu akasikia la nane. Lita mia saba za mvinyo wa embe zikaenda mtaroni, na mbuzi wa jirani wakalala kando ya barabara mpaka kesho yake, mwenye mbuzi akaja na panga akidai tumewaroga. Tangu siku hiyo Kimanzi hataki kusikia namba. Akayapa matangi majina ya wanawake anaowajua, kila tangi kwa tabia yake. Rayhana ni jina la mwenye duka la vitambaa mjini Voi, kwa sababu mvinyo wa tangi hilo hutoka mtamu na hauna haraka. Nabwile ni mpishi wetu, na tangi lenye jina lake likianza kuchemka utalisikia ukiwa barabarani. Tangi linalopenda kugeuza mvinyo kuwa siki alilipa jina la Tryphena. Nilimuuliza kwa nini, akasema ni jina zuri tu. Sikuongea naye wiki mbili.

Na lile lililofanya kazi mwaka hadi mwaka bila kuvuja wala kulalamika, alilipa jina la Ajiambo. Lilipasuka Juni ya mwaka wa ishirini na mbili, likatupwa. Mimi, kwa kuwa ni karani mwema, niliandika: Ajiambo, amepasuka, ametupwa. Banda zima tulikuwa tumezoea kuyasema matangi kama watu.

Ajiambo mwenyewe alikuwa mzima. Alikuwa kibarua wetu wa kufunga vizibo, na kwa mashine ile ya mkono hakuna aliyemfikia. Kwao ni Busia. Alikuja Voi kumfuata dadake aliyekuwa akikata mkonge, dada akaolewa na kuhama, yeye akabaki. Miaka tisa alikuwa kwenye orodha yangu ya WA NJE. Mwaka wake wa pili alienda kwao kumzika babake. Aliporudi alikuta nafasi yake imechukuliwa, akasimama nje ya geti miezi mitatu kabla ya kuitwa tena. Baada ya hapo hakuenda kwao kabisa. Kibarua hana likizo. Akiondoka, ameondoka. Mamake alikuwa akizeekea Busia na yeye akimwona kwenye simu tu, tena mtandao ukikubali.

Kwa hiyo Bwana Morris aliposema, "Tryphena, yule mrembo wa vizibo naye aingizwe wa kudumu, apate barua Ijumaa," nilifurahi kweli kweli. Nieleze tu kwamba kwa Bwana Morris kila mwanamke ni mrembo na kila mwanamume ni kiongozi. Si uungwana. Ni kwamba hakumbuki jina la mtu, na bandani haingii kwa sababu hewa ya chachu humuumiza kichwa.

Nilimwambia Ajiambo siku hiyo hiyo. Aliketi juu ya kreti, akanishika mkono kwa mkono uliojaa maji ya kuoshea chupa.

"Madam, barua iko na likizo?"

"Iko na likizo."

"Basi nampigia mama sasa hivi. Namwambia Krismasi hii niko."

Na akampigia pale pale, mbele yangu.

Wa kuleta huo usasa alikuwa Zubair, kijana wa mjini Voi, mwana wa Bi Mwanatumu mwenye duka la vyombo karibu na stendi. Mamake alimruhusu kuja kwetu kwa sharti: nyaya aguse, chupa asiguse. Akaja na glavu, nyaya za mita mia, skana, tableti mbili, na seva yenye ukubwa wa mkate. Mtoto ana adabu. Shikamoo yake unaisikia kabla hujamwona. Lakini siku ya kwanza aliinama, akaitazama kompyuta yangu nyuma na mbele, akasema, "Bi Tryphena, hii yafaa iwekwe makumbusho. Watu walipe kuiona."

Nilinuna. Nilinuna Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Nilikuwa nimempa mgongo, naandika kwa kalamu vitu ambavyo havikuhitaji kuandikwa, aliponiuliza, "Bi Tryphena, wa kudumu ndio hawa wa ndani?"

"Eeh," nikasema, bila kugeuka.

"Na huyu Ajiambo wa nje?"

"Mtoe nje, mweke ndani."

"Mbona ndani yumo tayari?"

"Zubair, si wewe ndiye unayejua kompyuta? Akiwa yumo, si basi?"

"Haya, Bi Tryphena."

Hayo ndiyo maneno yote. Nimeyarudia kichwani mara nyingi na sijaona pa kujificha.

Ijumaa saa nne asubuhi viti vilipangwa mbele ya banda. Mnunuzi wa Nairobi alikaa mstari wa mbele, daftari mapajani. Juu ya meza palikuwa na chupa ya mfano iliyobandikwa lebo mpya, na barua saba zilizotoka kwenye printa mpya, kila moja ndani ya bahasha ya kaki. Ajiambo alikuja na gauni lake la kanisani la zambarau na viatu alivyoazima kwa Nabwile. Alikaa nyuma kabisa, mahali pake pa siku zote, lakini kwenye ncha ya kiti.

Bwana Morris alihutubia kidogo juu ya dijitali. Kisha akachukua bahasha ya kwanza.

"Nikiita jina, mtu aje mbele tumpigie makofi. Rayhana!"

Hakuna aliyeinuka. Kimanzi, aliyesimama mlangoni mwa banda, akainua mkono.

"Rayhana amelala, bosi."

"Amelala? Saa hizi?"

"Amelala tangu Machi. Na tafadhali asiamshwe, ataharibika."

Mnunuzi akaandika kitu. Bwana Morris akakohoa, akachukua ya pili.

"Nasiha!"

"Huyo amejaa mpaka shingoni," Kimanzi akasema. "Jana nilimpunguza kidogo, lakini wapi."

"Shanice?"

"Shanice tunamwosha. Tumemwacha wazi akauke."

Hapo watu walikuwa wameshaanza kushikana mabega. Oyugi, mlinzi wetu, alitoa kofia akaiuma. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeelewa, na sikujua nisimame au nijifanye nimezimia.

"Nabwile!"

Nabwile mpishi akasimama, akaenda mbele kwa furaha, akafungua bahasha, akasoma kwa sauti. "Mpendwa Nabwile, tunathamini utumishi wako. Hali yako ya sasa: unachemka. Uwezo wako: lita elfu moja na mia mbili." Akaigeuza karatasi nyuma. "Lita za nini, bosi?"

Kicheko kikapasuka hapo. Bwana Morris naye alikuwa akicheka bila kujua anacheka nini, na kwa haraka akaniita mimi nikachukue yangu. Sitasema iliandikwa nini. Neno siki lilikuwamo.

Zubair alikuwa amesimama kando na tableti, amekuwa mwekundu masikio. "Samahanini sana," akasema. "Mimi nilidhani ni watu. Nikaona fulani amelala, fulani amejaa, nikasema labda ni siri za ofisi. Sikuona adabu kuuliza."

Tulicheka mpaka wengine wakalia. Kimanzi aliketi chini kwenye vumbi. Bahasha zikaisha mezani, na tulikuwa bado tunacheka, tuliposikia sauti kutoka nyuma.

"Na yangu?"

Ajiambo alikuwa amesimama.

Bwana Morris akatafuta mezani, akainua hata kitambaa cha meza. "Zubair, mwangalie mrembo huyu."

Zubair akatafuta. Akanitazama mimi, na macho yake yakaniomba nimsaidie, nami sikuweza.

"Soma tu," Ajiambo akasema.

"Imeandikwa, Ajiambo." Akapunguza sauti. "Amepasuka. Ametupwa, Juni elfu mbili ishirini na mbili. Kwa hivyo mfumo haukumtolea barua."

Hakuna aliyecheka tena. Wote tulijua ni tangi, na yeye alijua ni tangi. Lakini alisimama pale na gauni lake na viatu vya kuazima, akitikisa kichwa polepole.

"Sawa," akasema. "Hata mashine imejua."

"Ni makosa ya mfumo tu, mrembo," Bwana Morris akasema. "Jumatatu Zubair atarekebisha."

"Jumatatu ni ngapi hizo, bosi? Nimeambiwa Jumatatu miaka tisa." Hakupandisha sauti. "Mimi naitwa nani?"

Bwana Morris akanigeukia.

"Ajiambo," nikasema haraka, kama mwanafunzi aliyenong'onezwa jibu.

"Ajiambo nani, Madam?"

Sikujua.

Mnunuzi wa Nairobi alikuwa ameinuka, ameichukua ile chupa ya mfano na kuielekezea simu yake. Alisoma, akachukua ya pili iliyokuwa kwenye kreti, akasoma, na ya tatu. "Zote zinasema zimefungwa na Ajiambo," akasema. "Nimekuwa nataka kumwona. Ndiye huyu mliyemtupa?"

Hapo nilisimama. Nilimwambia Bwana Morris akae, na akakaa, jambo ambalo halijawahi kutokea tena. Nilimwambia Zubair afungue ukurasa mpya kabisa, usiotoka kwangu. Kisha nikasema mbele ya wote kwamba kijana hana kosa. Nilimjibu kwa hasira bila kumtazama, na hata hizo orodha mbili nilizipanga mimi.

Nikasema na lile lililonichoma zaidi. Tangi la Ajiambo nilikuwa nimeliandikia mistari kumi na tisa: lilikotoka, siku lililoingia, unene wa bati, ujazo, tabia, kila mara lilipooshwa. Ajiambo mtu nilimwandikia jina moja na alama ya tiki. Tiki ya kila siku aliyoitwa getini, kwa miaka tisa. Nilikuwa naona ni kazi safi.

"Jina kamili," nikamwambia.

"Scholastica Ajiambo Wanyama."

"Ulikozaliwa?"

"Funyula."

"Ulianza kazi lini? Kama hukumbuki siku, mwaka unatosha."

"Tarehe tisa mwezi wa tatu, elfu mbili kumi na tano. Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa wa kumi na nne kwa laini, na mkachukua kumi na wanne."

Zubair akaandika kila neno. Printa ikalia, ikatoa karatasi, Bwana Morris akaitia sahihi juu ya goti lake. Akasimama, akaishika kwa mikono miwili, akasoma jina kutoka kwenye karatasi, lote, polepole, asikosee. Watu wakapiga makofi. Ajiambo hakupiga wala hakutabasamu. Aliisoma barua ile mstari kwa mstari, akifuata kwa kidole, na sisi tukasubiri.

"Hapa pa likizo. Siku ishirini na moja."

"Za kazi," Bwana Morris akasema. "Jumapili hazihesabiwi."

"Mtu anazipata lini?"

"Akimaliza mwaka mmoja."

"Mimi nimemaliza tisa."

Bwana Morris akamtazama mnunuzi. Chupa elfu za kwanza zilitakiwa Alhamisi iliyofuata, na mtu wa vizibo alikuwa mmoja tu. Mnunuzi akafuta miwani yake kwa upole, hakumsaidia hata kidogo.

"Unataka kuanza lini?" Bwana Morris akauliza.

"Leo."

"Leo, Scholastica," Bwana Morris akasema.

Saa nane mchana alikuwa stendi ya Voi na mkoba mmoja. Viatu alimrudishia Nabwile, akaenda na ndala. Vizibo tulivifunga sisi wengine. Mimi nilifunga mia mbili na kumi na nikapata malengelenge mikono yote miwili. Bwana Morris alifunga arobaini, kumi na tano kati yake zikavuja. Tulichelewa siku mbili. Mnunuzi alizichukua zote, za kuvuja akatuachia.

Jumapili ya kwanza baada ya yeye kuondoka, nikiwa nimetoka kanisani, simu ikalia. Namba ya Ajiambo, lakini sauti si yake. Ilikuwa ya mama mzee, anaongea Kiswahili kwa kukitafuta.

"Ni wewe wa kompyuta?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Ni wewe ulikuwa umenishikia mtoto?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kusema. Kwamba si mimi niliyeweka utaratibu wa vibarua, kwamba mimi ni karani tu, kwamba kiwanda kilikuwa kidogo. Nyuma yake nilimsikia Ajiambo akicheka na kusema kitu kwa lugha yao, cheko ambalo sikuwahi kulisikia bandani.

"Ni mimi, mama," nikasema.

Nikasikia kuku.

"Basi andika huko kwa kompyuta yako," akasema. "Andika amefika."

Nilirudi Mraru Jumapili hiyo hiyo na nguo zangu za kanisani, nikamwomba Oyugi afungue ofisi. Nikaandika.